Wingi wa Viti Haukutosha: Quebec, 1878 hadi 1892

Mabibi na mabwana,

Mwezi Machi 1878, na tena Desemba 1891, jambo lile lile lilitokea katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Waziri mkuu wa jimbo, mwenye wabunge wengi nyuma yake, aliondolewa madarakani na mtu mmoja ambaye hakupigiwa kura na mwananchi yeyote. Mara ya kwanza aliyeondolewa alikuwa Mhafidhina, Charles-Eugène Boucher de Boucherville. Mara ya pili alikuwa Mliberali, Honoré Mercier. Aliyemwondoa Mercier, Luteni Gavana Auguste-Réal Angers, mwaka 1878 alikuwa mwanasheria mkuu katika serikali ya Boucherville, kwa hiyo kisu hicho kilikuwa kimemkata yeye mwenyewe. Na baada ya kumtimua Mercier, alimwita nani aunde serikali? Boucherville yule yule.

Habari za Quebec ya miaka ile husimuliwa zaidi kwa dini, lugha na hotuba za viwanjani. Mambo hayo yalikuwa na uzito wake, nami nitayagusa. Lakini ninachotaka kuwaonyesha leo ni kwamba katika kila mgogoro mkubwa, aliyeamua nani atawale alikuwa mwenye kuidhinisha fedha na mwenye kutia sahihi, na wote wawili waliwekwa mahali pao kwa uteuzi, si kwa kura.

Tuanze na katiba. Quebec iliingia katika Shirikisho la Kanada tarehe 1 Julai 1867 pamoja na Ontario, Nova Scotia na New Brunswick. Ilipewa Bunge lenye wabunge 65 wa kuchaguliwa. Juu ya Bunge hilo likawekwa Baraza la Kutunga Sheria lenye wajumbe 24, wote wa kuteuliwa na wote wa maisha. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalifahamu jina hilo, maana Waingereza walilitumia pia Nairobi na Dar es Salaam. Juu ya wote hao alikaa Luteni Gavana, mwakilishi wa Malkia wa Uingereza katika jimbo. Aliteuliwa na serikali kuu ya Ottawa, mshahara wake ulipangwa na kulipwa na Bunge la Ottawa, na kifungu cha 59 kilisema haondolewi kabla ya miaka mitano ila kwa sababu iliyotajwa, akapewa kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja. Jimbo liliruhusiwa kurekebisha katiba yake lenyewe katika kila jambo isipokuwa moja: ofisi ya Luteni Gavana. Hiyo haikuguswa. Zaidi ya hapo, Ottawa ilikuwa na mwaka mzima wa kuifuta sheria yoyote iliyopitishwa na jimbo.

Sasa mfuko. Jimbo lilikatazwa kutoza ushuru wa forodha, ambao ndio uliokuwa chanzo kikubwa cha mapato wakati ule. Liliachiwa kodi za moja kwa moja, ambazo hakuna mwanasiasa aliyethubutu kuwatoza wakulima, pamoja na mapato ya misitu na ardhi. Pengo lilizibwa na ruzuku ya Ottawa: dola 70,000 kwa mwaka, na senti 80 kwa kila mkazi. Lakini wakazi hao walihesabiwa kwa sensa ya 1861, watu 1,111,566, na hesabu hiyo ikagandishwa hapo. Fanyeni hesabu wenyewe. Senti 80 mara idadi hiyo ni kama dola 889,250. Sensa ya 1881 ilipoonyesha watu 1,359,027, fedha ile ile ilikuwa sawa na senti 65 kwa kichwa. Mwaka 1891, watu wakiwa 1,488,535, ilishuka hadi senti 60. Watu waliongezeka, shule na barabara zikahitajika, na ruzuku haikusogea hata dola moja. Anayetaka kuelewa kwa nini kila serikali ya Quebec, iwe ya Wahafidhina au ya Waliberali, ilizama katika madeni, aanzie hapo.

Madeni yenyewe yaliletwa na reli. Serikali ya Boucherville ilichukua mikononi mwake ujenzi wa reli ya ukingo wa kaskazini wa mto Saint-Laurent, kutoka mji wa Quebec kupitia Montreal hadi upande wa Ottawa. Miji na wilaya kadhaa zilikuwa zimeahidi kuchangia, kisha zikasita kulipa, zikidai kwamba njia imebadilishwa au kazi haijafikia hatua iliyokubaliwa. Mwanzoni mwa 1878 serikali ikaleta mswada wa kuzilazimisha zilipe kwa uamuzi wa baraza la mawaziri, bila kupitia mahakamani kwanza. Ikaleta pia kodi mpya.

Luteni Gavana wakati huo alikuwa Luc Letellier de Saint-Just, Mliberali wa siku nyingi aliyeteuliwa na serikali ya Kiliberali ya Ottawa. Hakupatana kabisa na mawaziri wake. Alilalamika kwamba matangazo yalitolewa kwa jina lake bila yeye kuulizwa, na kwamba miswada ya fedha iliingizwa Bungeni kabla hajaelezwa. Tarehe 2 Machi 1878 akamfukuza Boucherville. Boucherville mwenyewe hakuwa mbunge. Alikaa katika lile Baraza la kuteuliwa, na aliyewaongoza Wahafidhina Bungeni alikuwa Angers. Wingi wao ulikuwa salama, na wakaliita tendo hilo mapinduzi.

Letellier akamwita kiongozi wa upinzani, Henri-Gustave Joly de Lotbinière. Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba anayefukuza serikali amemaliza kazi. Hajamaliza. Lazima apate mtu wa kubeba dhamana ya tendo hilo mbele ya wapiga kura, mtu huyo ashinde uchaguzi, apitishiwe fedha za kuendeshea serikali, na wakubwa wa Ottawa wabaki upande wake. Sharti moja likikosekana, jengo lote linaanguka.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 1 Mei 1878. Wahafidhina walipata viti 32, Waliberali 31, na viti viwili vikaenda kwa Wahafidhina wa kujitegemea. Joly alimchukua mmoja wa hao wawili, Arthur Turcotte wa Trois-Rivières, akamfanya Spika. Kura zilipolingana, Spika alipiga kura ya uamuzi kwa serikali. Serikali iliishi hivyo kwa zaidi ya mwaka, kwa tofauti ya kura moja. Joly alijaribu pia kulifuta Baraza, kwa sababu ya gharama zake na kwa sababu lilijaa wapinzani wake. Baraza likaukataa mswada wa kulifuta, na sioni mtu angeweza kutarajia jingine.

Tarehe 17 Septemba 1878 Wahafidhina wa John A. Macdonald walirudi madarakani Ottawa, na sharti la wakubwa likavunjika. Wabunge wao wa Quebec walitaka kichwa cha Letellier. Hoja ya kumlaumu ililetwa Ottawa na Joseph-Alfred Mousseau, ambaye miaka mitatu baadaye angekuwa waziri mkuu wa Quebec. Gavana Mkuu, yaani mwakilishi wa Malkia kwa Kanada nzima, Marquess wa Lorne, hakupenda kutia sahihi na alipeleka shauri London. London ikajibu kwamba afuate ushauri wa mawaziri wake. Julai 1879 Letellier akaondolewa, kwa sababu kwamba manufaa yake katika kazi hiyo yamekwisha. Mahali pake akawekwa Mhafidhina, Théodore Robitaille.

Halafu likaja la fedha. Miswada ya fedha ilipaswa kuanzia katika Bunge la kuchaguliwa, lakini ilihitaji pia kupita katika Baraza. Mwishoni mwa Agosti 1879 Baraza lilikataa kuidhinisha matumizi ya serikali. Joly akaahirisha vikao kwa miezi miwili akitarajia joto litapoa. Hilo lilikuwa kosa lake kubwa, maana miezi miwili inawatosha sana watu wa kushawishi wabunge. Bunge lilipokutana tena mwisho wa Oktoba, Waliberali watano walihamia upande wa pili. Mmoja wao, Edmund James Flynn, baadaye alifika hadi uwaziri mkuu kwa tiketi ya Wahafidhina. Joly alimwomba Robitaille avunje Bunge ili warudi kwa wananchi. Robitaille alikataa. Tarehe 31 Oktoba 1879 Joseph-Adolphe Chapleau akaapishwa. Linganisheni: Luteni Gavana Mliberali alimvunjia Joly Bunge mwaka 1878, na Luteni Gavana Mhafidhina akamnyima ombi hilo hilo mwaka uliofuata. Katiba ilikuwa ile ile, neno kwa neno.

Katika serikali hiyo ya Joly alikuwamo wakili wa Saint-Hyacinthe mwenye umri wa miaka 38, aliyeingia katika baraza la mawaziri mwezi Mei 1879. Jina lake Honoré Mercier. Aliyaona yote kwa karibu.

Miaka ya Chapleau na waliomfuata nitaipita haraka. Mwaka 1882 reli iliuzwa vipande viwili, kila kimoja dola milioni 4: upande wa magharibi kwa kampuni ya Canadian Pacific, na upande wa mashariki kwa kundi la mfanyabiashara Louis-Adélard Sénécal, rafiki mkubwa wa chama. Mwaka huo huo jimbo liliweka kodi kwa benki na makampuni kwa kufuata mtaji wao uliolipwa na idadi ya ofisi zao. Benki ya Toronto ikafungua kesi, ikafika hadi Baraza la Faragha la Malkia huko London, mahakama ya mwisho ya rufaa, na mwaka 1887 London ikaamua kwamba hiyo ni kodi ya moja kwa moja na jimbo lina haki nayo. Uamuzi huo uliipa Quebec chanzo kipya cha mapato ambacho Ottawa haikuweza kukigandisha. Naona unastahili kukumbukwa kuliko hotuba nyingi za enzi hiyo.

Tarehe 16 Novemba 1885 Louis Riel, kiongozi wa Wamétis wa magharibi, watu wa damu mchanganyiko ya wenyeji na Wafaransa, alinyongwa mjini Regina. Mawaziri watatu wa Ottawa kutoka Quebec, yaani Langevin, Caron na Chapleau, hawakujiuzulu. Siku sita baadaye watu wanaokadiriwa kufikia 50,000 walikusanyika uwanja wa Champ-de-Mars mjini Montreal, na Mercier akamwita Riel ndugu yao aliyekufa. Lakini hasira haitawali kama haijapangwa, na kazi halisi ya Mercier ilikuwa kuipanga. Aliunda Chama cha Kitaifa kwa kuwaunganisha Waliberali wenzake na Wahafidhina waliochukizwa na kunyongwa kule, wakiwamo wacha Mungu wakali wa Kanisa ambao kwa miaka 15 walikuwa wamewahubiria waumini kwamba uliberali ni dhambi. Uchaguzi wa Oktoba 1886 haukumpa wingi wa wazi yeyote, na Wahafidhina waling'ang'ania ofisi hadi Januari. Louis-Olivier Taillon akajaribu kuunda serikali na ikadumu siku nne. Bunge lilipokutana, upinzani ulishinda kura ya kumchagua Spika, na tarehe 29 Januari 1887 Mercier akaapishwa. Kumbukeni kwamba hata baada ya maandamano yote yale, mlango ulifunguliwa na kura ya Spika.

Mercier alianza moja kwa moja na vile vizuizi alivyoviona mwaka 1879. Oktoba 1887 aliwaalika mawaziri wakuu wa majimbo mjini Quebec. Walikuja Oliver Mowat wa Ontario, aliyeongoza kikao, na wa Nova Scotia, New Brunswick na Manitoba. British Columbia na Prince Edward Island hawakuja, na Macdonald alikataa mwaliko. Walidai Ottawa ipoteze uwezo wa kufuta sheria za majimbo, majimbo yateue nusu ya maseneta, na ruzuku ihesabiwe upya kila sensa. Hakuna lililotekelezwa wakati ule. La ruzuku lilikuja kwa marekebisho ya katiba ya 1907, Mercier akiwa kaburini miaka 13. Na katika mwezi ule ule wa mkutano, Ottawa ilimteua Luteni Gavana mpya wa Quebec: Angers.

Mwaka 1888 Mercier alitatua shauri ambalo serikali nyingi zililikwepa, mali za Wajesuiti, shirika la mapadri wa Kikatoliki. Shirika hilo lilivunjwa na Papa mwaka 1773, Mjesuiti wa mwisho wa Kanada alifariki mwaka 1800, na ardhi zao zikaangukia mikononi mwa serikali ya Uingereza, kisha ya jimbo. Waliporudi mwaka 1842 walidai chao, lakini maaskofu na Chuo Kikuu cha Laval nao walidai. Maadamu Wakatoliki wenyewe hawakupatana, serikali haikuwa na wa kumlipa. Suluhisho la Mercier lilikuwa dola 400,000 kwa Kanisa, zigawanywe na Papa Leo XIII mwenyewe, na dola 60,000 kwa elimu ya Waprotestanti wa jimbo. Papa aliwapa Wajesuiti 160,000, Laval pamoja na tawi lake la Montreal 140,000, na zilizobaki 100,000 zikaenda kwa majimbo ya maaskofu. Ontario iliwaka moto, kwa sababu Papa alitajwa ndani ya sheria ya nchi ya Malkia. Machi 1889 hoja ya kutaka Ottawa iifute sheria hiyo ilipigiwa kura, ikashindwa kwa 188 dhidi ya 13. Macdonald hakutaka kuipoteza Quebec tena baada ya Riel.

Lakini Mercier alitumia fedha kuliko mapato yake. Alijenga reli na madaraja ya chuma, akafungua shule za usiku kwa wafanyakazi, akaanzisha wizara ya kilimo na makazi mapya ambayo naibu wake wa juu alikuwa padri Antoine Labelle wa Saint-Jérôme, ili vijana waende kulima kaskazini badala ya kuhamia viwanda vya nguo vya Marekani. Mwaka 1890 wazazi wenye watoto 12 walio hai wakapewa haki ya ekari 100 bure. Uchaguzi wa Juni 1890 alishinda vizuri. Mwaka 1891 alikwenda Paris kutafuta mkopo wa dola milioni 10, akapata 4 tu, za muda mfupi. Wakati akiwa Ulaya ndipo jambo lililomwangusha likafanyika.

Reli ya Baie des Chaleurs, katika rasi ya Gaspé, ilikuwa imekwama na wadai wake hawajalipwa. Serikali ilikubali kumlipa mkandarasi wa zamani, Charles Newton Armstrong, dola 175,000 kutoka katika ruzuku ya reli hiyo. Kati ya hizo, 100,000 zilikwenda kwa Ernest Pacaud, mhariri wa gazeti la L'Électeur na mtunza fedha wa chama cha Mercier. Sehemu yake ililipia hati za madeni zilizokuwa na sahihi za viongozi wa chama. Njia hiyo haikuwa ngeni. Vyama vyote viwili viliendesha uchaguzi kwa fedha za makandarasi, na kiangazi hicho hicho Ottawa ilikuwa ikichunguza kandarasi za bandari zilizomfanya waziri Hector Langevin ajiuzulu. Kilichomponza Mercier ni mahali siri ilipofunuliwa: kamati ya Seneti ya Ottawa, Agosti 1891, mikononi mwa wapinzani wake.

Angers alimwandikia Mercier mwezi Septemba akidai tume ya majaji watatu, na akaizuia serikali isifanye lolote zaidi ya shughuli za dharura. Tume ikaundwa: Louis-Amable Jetté mwenyekiti, pamoja na majaji Baby na Davidson. Katikati ya Desemba Baby na Davidson walitoa ripoti ya awali bila sahihi ya Jetté. Angers hakungoja. Tarehe 16 Desemba 1891 akamfukuza Mercier, Boucherville akaapishwa, na Bunge likavunjwa bila kukutana. Baadaye Jetté alitoa ripoti yake mwenyewe, iliyomwondolea Mercier lawama binafsi.

Hapa kuna jambo ambalo mtu hapaswi kulipita. Kifungu cha 86 cha katiba kiliamuru isipite miezi 12 kati ya mwisho wa kikao kimoja cha Bunge na mwanzo wa kinachofuata. Kikao cha mwisho kilifungwa tarehe 30 Desemba 1890. Bunge jipya lilikutana tarehe 26 Aprili 1892, karibu miezi 16 baadaye. Aliyemfukuza waziri mkuu kwa kutetea usafi wa sheria alikivuka kifungu kilicho wazi kuliko vyote, na hakuna aliyemwajibisha, kwa sababu safari hii masharti yote yalitimia. Ottawa ilikuwa ya rafiki zake. Baraza lilikuwa lao. Na tarehe 8 Machi 1892 wapiga kura, wamechoshwa na kashfa na kuogopa kodi, waliwapa Wahafidhina zaidi ya viti 50 kati ya 73.

Mercier alishtakiwa kwa kula njama ya kuiibia serikali, na Novemba 1892 akaachiwa huru. Alikuwa amefilisika. Aprili 1893 katika ukumbi wa Parc Sohmer, Montreal, alitetea waziwazi uhuru wa Kanada kutoka kwa Uingereza. Alifariki tarehe 30 Oktoba 1894, akiwa na miaka 54.

Angers alikwenda Ottawa Desemba 1892 kuwa waziri wa kilimo. Kiti chake cha Luteni Gavana alipewa Chapleau, na Boucherville akaona heri ajiuzulu kuliko kufanya kazi chini ya Chapleau, hasimu wake ndani ya chama. Jetté naye alikuja kuwa Luteni Gavana mwaka 1898. Tangu Desemba 1891 hakuna waziri mkuu wa Quebec aliyefukuzwa tena. British Columbia walilijaribu jambo hilo mwaka 1900: Luteni Gavana Thomas McInnes alimfukuza waziri mkuu wake, mtu aliyemweka badala yake akashindwa vibaya uchaguzi, na Ottawa ikamwondoa McInnes mwenyewe. Ni yeye na Letellier tu walioondolewa hivyo.

Baraza lilidumu kuliko wote. Waliberali waliporudi mwaka 1897 chini ya Félix-Gabriel Marchand, aliyekuwa Spika wa Mercier, walipitisha Bungeni mswada wa kurudisha wizara ya elimu iliyofutwa na Boucherville mwaka 1875. Januari 1898 Baraza likaukataa. Quebec haikupata wizara hiyo hadi 1964, na Baraza lenyewe lilifutwa tarehe 31 Desemba 1968.